Somo: Kufundisha kwaya ya Sekondari Msingi wakati sauti za wavulana zinabadilika

Kila muhula tamasha la muziki linapokaribia, swali la tufanye nini na wavulana "walioharibika sauti" huulizwa upya, nami nimeona afadhali niandike jibu lote mahali pamoja. Tangu Gredi ya 7, mwanzo wa Sekondari Msingi, ianze Kenya mnamo Januari 2023, watoto ambao zamani tungewagawa kati ya kwaya ya msingi na ya sekondari wamekusanyika katika kwaya moja, na wote wamo katika umri ule ule wa kubalehe. Sauti zao hazijaharibika, zinakua.

Hatua ya 1. Chagua wimbo mfupi ambao watoto wanayaelewa maneno yake.

Hatua ya 2. Wasome maneno kwa mdundo kabla ya kuimba noti yoyote.

Hatua ya 3. Pasheni sauti mkianzia katikati na kushuka.

Hatua ya 4. Pima sauti ya kila mvulana. Mwite kando, mbali na macho ya wenzake, ahesabu kuanzia ishirini kurudi nyuma kwa sauti yake ya kawaida ya kuzungumza. Itafute sauti hiyo kwenye kinanda, kisha mshushe noti moja moja hadi sauti ififie, halafu mpandishe hadi uone kidevu kinainuka na mishipa ya shingo inatokeza. Noti iliyotangulia hiyo ndiyo mpaka wake wa juu. Andika mipaka yote miwili katika daftari na umpime tena kila baada ya wiki sita, kwa sababu zoloto (kisanduku cha sauti kooni) linaendelea kukua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na ingawa hatimaye sauti itashuka karibu oktava nzima (kama kutoka doh hadi doh ya chini yake), haishuki yote kwa siku moja.

Usimpe besi (sauti ya chini kabisa) kwa sababu ya kimo chake. Usimng'ang'anize soprano (sauti ya juu kabisa) aliyoimba mwaka jana. Tena nakusihi, usimwambie afungue mdomo tu bila kutoa sauti mbele ya waamuzi, kwani mtoto aliyeambiwa hivyo mara nyingi harudi kwenye kwaya.

Badala yake, mwandikie mstari wake wa noti sita, kuanzia A iliyo chini ya C ya kati (C ya katikati ya kinanda) hadi F iliyo juu yake. Kwa solfa (majina ya noti: doh, re, me, fa, so, la, ti), doh ikiwa F, mstari huo ni me, fa, so, la, ti, doh, na wavulana wengi walio katikati ya mabadiliko wanaumudu. Ambao sauti zao zimekwisha kutulia chini, waandikie mstari mwingine wa chini zaidi.

Hatua ya 5. Fundisha kila sauti peke yake kwa solfa, kisha unganisha mbili mbili.

Hatua ya 6. Wapange wavulana wanaobadilika sauti katikati, karibu na alto (sauti iliyo chini ya soprano).

MASWALI

Swali: Nina mvulana wa Gredi ya 8, mrefu, lakini besi haitoki. Nimwongezee mazoezi?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4.

Swali: Tunataka kushinda, si kulea. Kwa nini tusichukue wasichana watupu?
Jibu: Kuna kwaya za wasichana na ni nzuri. Ila wavulana hao ni wanafunzi wako, na muziki ni haki yao pia.

Swali: Je, sauti za wasichana nazo hubadilika?
Jibu: Hubadilika, na nashukuru umeuliza. Hushuka kidogo tu, lakini kwa muda sauti huwa na hewa inayovuja, kwa kuwa nyuzi hazifungi sawasawa. Usimkemee msichana kwa hilo, wala usimfungie kwenye alto moja kwa moja; mzungushe kati ya soprano na alto ili sauti yote ikue.

Swali: Hatuna kinanda shuleni. Doh ya F naipataje?
Jibu: Tafuta uma sauti (chuma chenye meno mawili kinachotoa noti moja kikigongwa) wa A, ule wa mitetemo 440 kwa sekunde. Ugonge gotini, uuweke karibu na sikio, uimbe noti hiyo kwa jina la me, kisha ushuke: me, re, doh. Umefika F. Wafundishe wanafunzi wawili au watatu kufanya hivyo, ili kwaya iweze kuanza hata usipokuwapo.