Mbunge na jaji: somo la vipindi viwili kwa sekondari

Usianze na mchoro wa mihimili mitatu ya dola. Wanafunzi wataunakili, watafaulu mtihani, na bado watadhani jaji ni mbunge aliyevaa joho. Anza na sheria moja fupi yenye neno linalobishaniwa.

1. Bunge, dakika 30. Vikundi vya watu watano hadi saba, kila kimoja kitunge kifungu kuhusu simu, kisha darasa zima lipige kura. Waache wabembelezane na kuahidiana kura. Bungeni hilo ni halali. Andika ubaoni kilichopita, neno kwa neno. Tuseme: "Mwanafunzi haruhusiwi kutumia simu darasani."

2. Mashauri. Yaandae mapema. Simu imelia begini, mwenyewe hajaigusa. Mwingine kapokea simu akiwa amesimama mlangoni.

3. Hukumu. Majaji watatu, msemaji mmoja kila upande. Somo huharibikia hapa. Punde utasikia majaji wakisema, "Sheria hii mbaya, tuseme simu zizimwe tu." Tayari wamerudi bungeni. Usiwakemee, wabane kwa masharti: hukumu iandikwe, inukuu kifungu, ieleze "kutumia" au "darasani" ina maana gani na kwa nini, sentensi yenye "ingekuwa bora" ifutwe. Wasimsikilize msemaji mmoja pembeni mwenzake asipokuwepo. Kifungu kikiwa na kasoro, waseme hivyo, lakini wasikirekebishe. Kisha leta shauri jingine linalokaribiana na lile la simu iliyolia begini: simu imetetema mfukoni. Wakiamua kinyume, waonyeshe tofauti iko wapi. Mbunge hufuta sheria ya jana kwa kura tu. Jaji anadaiwa sababu.

Ila usiwaambie kwamba majaji hawatungi sheria kamwe. Si kweli. Uingereza, sehemu kubwa ya sheria ya uzembe (inayohusu fidia kwa aliyeumizwa na kutojali kwa mwingine) imejengwa na hukumu, hasa ile ya Donoghue v Stevenson ya 1932. Kuhusu kubatilisha sheria, Mahakama ya Juu ya Marekani ilijitwalia mamlaka hayo katika kesi ya Marbury v Madison, 1803; mahakama za Uingereza haziwezi kuifuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Yaweke haya mwishoni mwa kipindi, la sivyo yatameza zoezi.

4. Marekebisho. Kifungu kirudi bungeni. Kikishapita upya, uliza: je, kinamgusa yule ambaye simu yake ililia kabla ya kura? Wengi watasema ndiyo. Wape dakika kumi wabishane.