Kabla hujashika bomba: kudhibiti wadudu kwenye shamba la kakao lenye miti ya kivuli

Msimu mmoja nilifagia shamba langu la kakao likang'aa kama uwanja wa nyumba, kisha nikapuliza dawa kila mti huku maua yamejaa. Maua yakapukutika, matunda yakashika machache. Niliua waharibifu, nikaua na wachavushaji. Siku hizi naenda hivi.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza. Chagua mikakao 30 iliyotawanyika, kingo na katikati ya shamba. Ingia alfajiri. Unayemtafuta zaidi ni miridi, mdudu mfyonzaji wa takriban sentimita moja, jamaa ya yule mbu wa mikorosho. Wengi wao hula usiku, jua likipanda hujibanza kwenye mianya ya magome, kwa hiyo ukija saa tano utasema shamba ni salama.

Hatua ya 2: Soma madoa. Miridi akifyonza huacha kidoa cheusi cha mviringo. Kwenye tunda lililokomaa, madoa mengi huishia kwenye ganda na mbegu hubaki nzima, usihangaike. Kwenye machipukizi mambo ni mengine: kidonda hubonyea, kuvu huingia, na tawi hukauka kuanzia nchani. Vitunda vichanga vikigeuka njano kisha vyeusi huku vimening'inia bila kidoa wala tundu, mara nyingi mti wenyewe umevipunguza kwa kuwa hauwezi kuvilisha vyote. Hapo dawa ni hela ya bure.

Hatua ya 3: Tazama juu. Miridi hupenda pale jua linapopenya. Ukiona mikakao iliyoshambuliwa imekaa kundi moja, inua kichwa. Aghalabu utakuta pengo kwenye kivuli. Panda migomba hapo kwa haraka, na mti wa kudumu pembeni yake. Kivuli kikizidi nacho hualika ugonjwa wa matunda kuoza, basi pogoa hadi miale ya jua icheze chini.

Hatua ya 4: Acha uchafu wenye faida. Ua la kakao hufunguka alfajiri, na lisipochavushwa huanguka baada ya siku moja au mbili. Mchavushaji wake mkuu ni usubi wa jenasi ya Forcipomyia, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3, na watoto wake hukulia kwenye vitu vinavyooza penye unyevu. Katakata mashina ya migomba uyalaze chini ya mikakao, na majani makavu yaache hapo hapo. Matunda yenye ugonjwa tu ndiyo utoe shambani.

Hatua ya 5: Ajiri maji moto. Siafu wasikuchanganye, nawasema wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Huwawinda miridi mchana kutwa. Jioni kata viota vya koloni moja, yaani ukoo mmoja, vitie kwenye mfuko, vifunge kwenye mikakao, kisha unganisha miti kwa kamba wapate njia. Usichanganye koloni mbili, watauana. Siku ya kuvuna paka majivu mikononi, maana wanauma kweli!

Hawana utakatifu: nao hufuga vidung'ata wachache, wale wadudu weupe kama unga. Sisimizi wa kujihadhari nao zaidi ni wale weusi wainuao tumbo juu, wanaojenga vibanda vya takataka juu ya vidung'ata. Kidung'ata ndiye anayeeneza virusi vya kuvimba kwa machipukizi kwenye kakao ya Afrika Magharibi. Bomoa vibanda hivyo.

Hatua ya 6: Dawa mwisho kabisa. Ikibidi, tumia iliyosajiliwa kwa kakao, puliza kundi lililoshambuliwa pekee, na usiguse mti uliojaa maua. Rudi baada ya wiki mbili: mayai ya miridi hufichwa ndani ya ganda na machipukizi, dawa nyingi haziyafikii, na muda huo wengi watakuwa wameanguliwa. Hesabu tena mikakao ile ile 30.