Kabla Hujasimama Kuwaeleza Watu wa Kigoma Habari za Barafu ya Aktiki

Siku ya Mazingira ikikaribia, hakosi mwalimu au kijana wa klabu atakayechagua mada ya kuyeyuka kwa barafu ya Ncha ya Kaskazini. Chagua, ni mada nzito. Ila jiandae.

Tafuta tufe, usitegemee ramani ya ukutani. Ramani huivuta Greenland ikakaribia ukubwa wa Afrika, wakati Afrika inaizidi kama mara 14. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi: Urusi, Norwe, Greenland, Kanada na Alaska ya Marekani. Antaktika, kule kusini, ni bara lililozungukwa na bahari. Dubu weupe wako kaskazini, pengwini kusini. Usiwachore bango moja.

Kila takwimu iwe na mwaka wake. Barafu ya bahari hupungua hadi Septemba, kisha hujijenga tena wakati wa baridi. Septemba 2012 zilibaki takriban kilometa za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979. Eleza na sababu: barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua, maji meusi huumeza, kwa hiyo inavyopungua ndivyo joto linavyozidi kuila.

Sasa hili ulishike kwa mikono miwili. Tenganisha barafu inayoelea na barafu iliyolala juu ya nchi kavu, na zote uzitenganishe na Ziwa Tanganyika.

Maji yalipopanda mwaka 2024, msemaji mmoja aliwaambia watu wa mwambao kwamba ni barafu ya ncha za dunia imeyeyuka na maji hayatarudi tena. Mzee mmoja jirani yetu, mkausha dagaa, akauza kiwanja chote kwa bei ya kutupa, hata ule upande wa juu ambao maji hayakuufikia. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mwanangu, aliyesema amesoma." Leo aliyenunua ameweka vichanja vyake upande uleule wa juu, na mzee anapita hapo kila asubuhi akielekea sokoni. Inaniuma hadi sasa.

Ziwa letu liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Greenland hayana njia ya kulifikia. Linajazwa na mvua na mito kama Malagarasi na Ruzizi. Hupunguzwa na jua, na mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Karne ya 19 Lukuga iliziba, ziwa likajaa hadi 1878 lilipojifungulia njia, kisha likashuka kama mita 10 kabla karne haijaisha. Nenda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone uone ufukwe ulivyosogea. Joto la dunia huzidisha mvua kubwa, hilo liseme, lakini hiyo ni njia nyingine kabisa.

Onyesha kwa vitendo. Omba barafu kwa wauza samaki, weka bonge kwenye glasi ya maji, piga alama kwa kalamu: ikiyeyuka, maji yanabaki palepale. Glasi ya pili, bonge lishikilie juu ya maji kwa chujio. Hapo maji yatapanda. Hiyo ndiyo barafu ya Greenland, iliyolala juu ya nchi kavu. Ikiyeyuka yote, bahari itapanda kama mita 7, na hapo watakaoguswa ni ndugu zetu wa pwani, wa Tanga, Pemba na Dar es Salaam.

Usisahau kwamba kule Aktiki kuna watu: Wainuiti, Wasami na wengine. Kijiji cha Shishmaref, Alaska, kilipiga kura ya kuhama mwaka 2016 kwa sababu bahari inakila. Taja pia ardhi iliyoganda inayolegea na kuyumbisha nyumba na mabomba.

Picha zichapishe, umeme unaweza kukatika. Usiwatishe watoto. Usijibu swali usilolijua. Na mtu akikuuliza auze kiwanja au asiuze, mwelekeze Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, wanaopima kina cha ziwa.