Jinsi ya Kujifunza Jenetiki kwa Kufuata Herufi Moja

Anayeanza jenetiki kwa kukariri istilahi huchoka mapema. Ni afadhali ashike ugonjwa mmoja, aufuatilie tangu unavyorithiwa mpaka unavyotibiwa. Napendekeza selimundu, kwa kuwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua kwa uchungu, na chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu ya DNA, maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli.

Chukua sarafu mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Kwenye kila sarafu bandika A (jeni ya kawaida) upande mmoja na S (jeni ya selimundu) upande wa pili, maana wazazi hawa wote ni AS: wamebeba jeni ya selimundu bila kuugua. Zirushe pamoja mara 40, ukiandika kila tokeo daftarini. SS, yaani mtoto mgonjwa, itakaribia robo, AS nusu, na AA robo. Ni uwiano uleule ambao Gregor Mendel aliuchapisha mwaka 1866 baada ya kupanda njegere kwa miaka mingi. Sasa lipitie daftari mstari kwa mstari. Huenda ukakuta SS mbili zimefuatana, kwa sababu sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo. Hapa naomba usipite haraka, kwani wapo wazazi wanaoamini kwamba, wakishampata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watasalimika. Sivyo, kila mimba ina robo yake.

Kisha ingia kwenye kromosomu ya 11, uzi wa DNA wenye jeni hii. Andika GAG, herufi tatu za jeni ya kawaida, na chini yake GTG, za jeni ya selimundu. Kwa T kukaa mahali pa A, asidi ya glutamiki hupisha valini (zote ni vijenzi vya protini), na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, inapoiachia oksijeni hiyo hushikamana kuwa nyuzi ngumu zinazoikunja chembe nyekundu ya damu mithili ya mundu. Mbona jeni hii haikutoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kuwa wenye AS hupata kinga dhidi ya malaria.

Ndipo usome kuhusu CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri DNA, na tiba ya selimundu inayoitumia, Casgevy, iliyoidhinishwa kwanza Uingereza Novemba 2023. Haisahihishi GTG: seli shina za damu za mgonjwa, yaani seli zinazozaa chembe za damu, hutolewa, DNA yake hukatwa panapoendesha BCL11A, jeni inayozima himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kisha hurudishwa mwilini zikiweza tena kutengeneza himoglobini hiyo. Jipime kwa swali hili: aliyetibiwa hivyo, sarafu yake ina nini? Ina S pande zote mbili, kwa kuwa tiba iligusa seli za damu, haikugusa mayai wala mbegu za uzazi.