Somo: Njia ya kuwa mtaalamu wa fiziotherapia Tanzania, kuanzia kidato cha nne

Habari zenu wanajamvi. Matokeo yakitoka tu, vijana wanaanza kuulizia fiziotherapia, na wengi wanadhani ni kazi ya kukanda misuli. Kukanda kumo, ila ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kumrudisha mtu kwenye uwezo wa kukaa, kusimama na kwenda msalani bila kubebwa.

Hatua ya 1: Kaitazame kazi kwanza. Nawasihi msiiruke hii. Omba ruhusa idara ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, ushinde hapo asubuhi moja. Tazama mgonjwa wa kiharusi anavyofundishwa kunyanyuka kitini: nyayo zinarudishwa nyuma kidogo, goti lililolegea linakingwa na goti la mtaalamu, mgonjwa anainama mbele mpaka uso upite juu ya vidole vya miguu, ndipo anasukuma kwenda juu. Huko nyumbani ndugu humwinua kwa kuvuta mkono uliopooza, na bega linaumia. Kwa hiyo utafundisha familia nzima, si mgonjwa peke yake, na utarudia maneno yaleyale kila siku. Kama uvumilivu huo huna, ni heri ujue mapema.

Hatua ya 2: Masomo. Fizikia, Kemia na Biolojia. Wengi huidharau Fizikia, kumbe mwili ni nyenzo na egemeo kila kiungo.

Hatua ya 3: Chagua ngazi. Stashahada ni miaka mitatu, chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi). Ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, hayo matatu yakiwemo, unaweza kuomba. Shahada inapitia TCU (tume ya vyuo vikuu), na waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kidato cha sita ndio walengwa. Ipo Chuo Kikuu cha KCMC (zamani KCMUCo), kwenye hospitali ya KCMC Moshi, na MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) Dar es Salaam. Soma mwongozo wa mwaka husika, usitegemee wa kaka yako. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24, HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) inakopesha pia baadhi ya stashahada, za afya zikiwemo.

Hatua ya 4: Chuoni. Anatomia ndiyo inayowaangusha wengi. Halafu wodini utajifunza kupima: nguvu ya msuli hupewa alama 0 hadi 5, na 3 maana yake mgonjwa ananyanyua kiungo chake mwenyewe lakini ukimwekea ukinzani kidogo anashindwa.

Hatua ya 5: Usajili. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kugusa mgonjwa. Fuatilia usajili na leseni kabla ya kuanza kazi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kidato cha sita. Ndiyo basi tena?
Jibu: Hapana. Shahada itakuwa ngumu, lakini stashahada inaangalia matokeo ya kidato cha nne. Kama sayansi tatu ulizifaulu, omba.

Swali: Mimi ni msichana mwembamba, nitaweza kuwanyanyua wagonjwa?
Jibu: Dada yangu, kinachohitajika ni mbinu. Kunja magoti, msogelee mgonjwa, mwache atumie nguvu aliyonayo. Akiwa mzito, ita mwenzako; hata wanaume wenye miraba minne huitana, na anayejitia ushujaa huharibu mgongo.

Swali: Wanaotengeneza miguu bandia nao ni hawahawa?
Jibu: Hao ni fani nyingine, na wanasomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo palepale KCMC Moshi. Mtafanya kazi bega kwa bega: yeye anatengeneza mguu, wewe unamfundisha mgonjwa kuutembelea.

Swali: Nikimaliza naweza kufanya kazi nje?
Jibu: Inawezekana, ila kila nchi ina mlango wake. Uingereza lazima usajiliwe na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya. Marekani vyeti vyako vitalinganishwa na elimu yao, ambayo sasa ni ngazi ya udaktari wa fiziotherapia (DPT), kisha ukae NPTE, mtihani wao wa taifa wa fiziotherapia. Tangu mwaka wa kwanza tunza mtaala wa kila somo na rekodi za saa zako za wodini zikiwa na mihuri, maana watazidai.