Kabla ya kununua kifaa cha kurekodi michezo ya sataranji

Anayetaka kuacha karatasi na kalamu na kurekodi hatua zake kwa kifaa cha kielektroniki aanze na kanuni, kwa sababu bei na uzuri wa skrini havitamsaidia iwapo mwamuzi atakikataa mezani. Kanuni za FIDE (shirikisho la sataranji la kimataifa) zilizoanza kutumika mwaka 2023 zinamruhusu mchezaji kurekodi kwa karatasi au kwa kifaa kilichoidhinishwa na FIDE na kukubaliwa katika mashindano hayo. Simu ya kawaida, hata ikiwa na programu nzuri kiasi gani, hairuhusiwi ukumbini bila idhini maalumu. Idhini ya shirikisho la sataranji la Marekani ni jambo jingine, na haitoshi kwa mashindano ya FIDE.

Ukishajiridhisha kuhusu hilo, chunguza kama kifaa kinahifadhi mchezo katika mfumo wa PGN, yaani faili ya maandishi yenye hatua za mchezo, ambao programu nyingi za uchambuzi huusoma, na kama betri itadumu kwa mchezo wa saa tano au zaidi. Jaribu pia kusahihisha hatua uliyoiingiza vibaya, tena saa ikikimbia, kwani hapo ndipo vifaa vingi huchosha. Kumbuka kwamba hatua huchezwa kwanza ubaoni, kisha ndipo hurekodiwa.

Kwa anayecheza klabuni tu, naona karatasi inatosha. Hatua anaweza kuziingiza kwenye kompyuta jioni, na kazi hiyo yenyewe humfanya aupitie mchezo upya.