Mtoto atakosa shule wiki kadhaa? Mambo ya kupanga kabla hajaondoka

Huku kwetu Mtwara na Lindi, sababu nyingi za mtoto kukosa shule kwa muda hujulikana mapema. Msimu wa korosho una miezi yake. Tarehe ya upasuaji Ndanda au Nyangao huandikwa kwenye karatasi. Jando na unyago nako wazee hupanga. Mvua ndiyo haibishi hodi: mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika upande wa Kilwa, na waliokuwa safarini walikwama. Yaliyobaki tunayaona yakija, halafu tunamwendea mwalimu mtoto akisharudi.

Nenda kwa mwalimu wa darasa wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Kama ni ugonjwa, chukua nakala ya karatasi ya hospitali ili kwenye daftari la mahudhurio asihesabiwe mtoro. Kisha muulize: wiki hizo mtafundisha nini? Usione haya, humwongezei kazi, kwa sababu azimio lake la kazi limeshapangwa wiki kwa wiki. Omba mada mbili tatu za Hisabati na kitu cha kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, basi. Anayebebeshwa vitabu vya masomo yote hurudi navyo bila kuvifungua.

Baada ya hapo mtafute mtu. Wengi hukimbilia simu, lakini nimeona kazi hii hubebwa na mwanafunzi mwenzake: jirani wa dawati, mwenye mwandiko unaosomeka, ambaye wazazi wake mmeshazungumza nao. Nunua madaftari mawili. Moja liko na mtoto wako, la pili liko kwa rafiki, na kila mwisho wa wiki yanabadilishana mikono kupitia bodaboda au yeyote anayepeleka korosho chama cha msingi cha ushirika. Rafiki anaandika tarehe pembeni, ananakili mfano mmoja uliofanywa ubaoni, na chini yake maswali matano. Nafasi inaachwa. Daftari likirudi shuleni mwalimu anaweka vema au anakosoa, na mtoto aliye Liwale au kwenye mashamba ya Tandahimba anauona wino mwekundu wa mwalimu wake. Hilo humtia moyo kuliko ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Shambani, daftari likae kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na makapu. Maji ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakiingia kwenye karatasi au nguo hayatoki. Na kwa kuwa tumefika kwenye korosho, niseme wazi: mtoto wa darasa la nne hana kazi chini ya mikorosho siku ya Jumanne. Upimaji wa Taifa wa darasa la nne miaka ya karibuni umekuwa ukifanyika mwishoni mwa Oktoba, msimu ukiwa umepamba moto, na mitihani ya kidato cha pili na cha nne hufuata muda mfupi baadaye. Kama familia nzima inahamia shamba, huyo abaki kwa shangazi au kwa jirani. Kupanga nani atamlisha ni kazi ya Agosti.

Simu ina nafasi yake, ila ishughulikiwe mjini. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Fungua vinavyohitajika mkiwa Masasi au Nachingwea penye mtandao, piga picha kurasa za mada zile, ndipo mpande gari. Ukisubiri kufika kitongojini utakuwa unapanda kichuguu kutafuta mnara huku bando likiisha.

Muda wa kusoma nao upangwe. Kipindi kimoja cha shule ya msingi, kuanzia darasa la tatu, ni dakika 40. Viwili asubuhi kabla jua halijawa kali vinamtosha mtoto aliye mbali na darasa. Msimamizi si lazima awe msomi. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukaa karibu na kusema, "Haya mjukuu wangu, nisomee, halafu nieleze." Mtoto akikwama kueleza, hapo pawekwe alama ili mwalimu apaone. Mgonjwa ni habari nyingine: muulize daktari kwanza, na siku ya homa au maumivu asomewe hadithi tu.

Msichana aliyejifungua naye apangiwe. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu warudi shuleni, hivyo sare na vitabu vyake visigawiwe wadogo zake, na nani atabaki na mtoto mchanga lijulikane mapema.

Mwisho, kubaliana na mwalimu kuhusu wiki ya kurudi. Mwombe zoezi fupi la zile mada mbili tatu, si mtihani, na asimsimamishe mtoto mbele ya darasa kumuuliza alikuwa wapi. Daftari la kubadilishana liendelee wiki mbili zaidi, safari hii kwa yale aliyoyakosa kabisa.